Mlio wa Seli: Kutoka Mguu wa Mende hadi Pua ya Panya Buku

Mguu wa mende ukichomwa sindano mbili, sindano zikaunganishwa na amplifaya ndogo, na amplifaya ikaunganishwa na spika, mguu unalia. Mende mwenyewe hahitajiki. Unamtumbukiza kwanza kwenye glasi ya maji ya barafu mpaka atulie, unamkata mguu mmoja wa nyuma, kisha unamwachia aende zake na mitano iliyobaki. Ule uliokatwa unabaki hai kwa muda unaotosha kipindi kizima cha darasa. Gusa miiba yake kwa kijiti cha kuchokolea meno, spika inajibu hapo hapo: ta, ta, tatatata.

Onyesho hili si langu. Limeenezwa na Wamarekani wawili, Greg Gage na Tim Marzullo, ambao mwaka 2009 walianzisha kampuni ya vifaa vya bei nafuu vya kusikilizia neva mashuleni. Mimi nimelileta tu mezani kwangu, Bigwa, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, nilikostaafia baada ya kufundisha baiolojia maisha yangu yote ya kazi. Amplifaya aliniundia mpwa wangu, mtoto wa kaka, fundi redio na simu pale Mji Mpya. Alipoisikia mara ya kwanza alinitazama kwa huruma.

“Shangazi, hiyo ni shoti. Kuna waya umelegea.”

Akachomelea upya kila kiungo. Mlio ukabaki. Akazima taa ya dari akidhani umeme wa nyumba ndio unaoingilia. Ukabaki vile vile. Akaupulizia mguu pumzi kidogo, mlio ukaongezeka, akaacha, ukapungua. Mwisho akavuta kiti, akainamisha sikio kwenye spika, akakaa kimya kwa muda ambao kwa kijana yule ni mrefu sana.

“Shangazi, humu wanaolia ni zaidi ya mmoja. Yupo mwenye mlio mnene na yupo mwenye mlio mwembamba.”

Alikuwa amefika mwenyewe, kwa masikio ya ufundi, kwenye swali linalowashughulisha wachunguzi wa ubongo kwa miongo mingi. Ndani ya ubongo huoni seli. Unaingiza uzi mwembamba wa chuma uitwao elektrodi, unasikia mipigo ya umeme, na kazi yako ni kusema: hii ni seli ya aina gani?

Niueleze mpigo wenyewe kwanza, maana bila hapo hatuendi. Seli ya neva ina chumvi ndani na chumvi nje, ila si kwa kiasi kimoja. Nje sodiamu ni nyingi, ndani potasiamu ni nyingi. Ikiwa imetulia, ndani yake ni hasi kwa milivolti 65 au 70 hivi ukilinganisha na nje. Ikichokozwa kiasi cha kutosha, vijia vya protini vilivyo kwenye utando wake hufunguka na sodiamu huingia kwa kishindo. Kufumba na kufumbua ndani panakuwa chanya. Kisha vijia vya potasiamu navyo hufunguka, potasiamu inatoka, hali inarudi ilivyokuwa. Yote hayo huisha ndani ya milisekunde moja au mbili, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Aliyetufungulia siri hii ni ngisi, jamaa wa yule anayeuzwa Feri, Dar es Salaam. Ana uzi mmoja wa neva mnene kiasi kwamba Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliweza kupitisha waya ndani yake mwaka 1939. Vita ikawakatisha, wakarudi kazini, na makala zao za mwaka 1952 ndizo zilizoandika hesabu ya mpigo huo. Tuzo ya Nobeli ikawafuata mwaka 1963.

Kabla yao, Edgar Adrian wa Cambridge alikuwa ameshaunganisha neva na spika, na akagundua jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawalipendi. Ukimgusa mnyama kwa nguvu zaidi, mpigo wa neva hauwi mkubwa zaidi. Mipigo inakuwa mingi zaidi, basi. Kila mmoja ni uleule, ama upo wote ama haupo kabisa.

Sasa hapo mtoto mwerevu hunyoosha mkono: kama seli moja mpigo wake ni uleule daima, na seli zote zinatumia sodiamu na potasiamu, tutazitofautishaje?

Huwa nawajibu kwa barabara ya kwetu. Usiku nikiwa kitandani najua, bila kuchungulia dirishani, kama kinachopita ni bodaboda, bajaji au lori la mchanga. Ukubwa wa mlio haunisaidii, kwa sababu bodaboda iliyo mlangoni inapiga kelele kuliko lori lililo mbali. Kinachonisaidia ni namna mlio ulivyo, na namna unavyofuatana: injini hii inakoroma kwa vituo, ile inatetema bila kupumzika. Ndivyo ilivyo kwa elektrodi. Mpigo mkubwa huenda umetoka kwenye seli nene, au huenda umetoka kwenye seli ndogo iliyo karibu na ncha ya chuma. Ukubwa ni shahidi wa kutiliwa shaka. Mashahidi wa kuaminika zaidi ni wawili: umbo la mpigo mmoja, na mpangilio wa mipigo mingi.

Tuanze na umbo. Mwaka 1969 Vernon Mountcastle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walikuwa wakirekodi kwenye gamba la ubongo wa nyani. Waliona kwamba mipigo mingi ilikuwa mipana, na michache ilikuwa myembamba, inapanda na kushuka haraka. Tofauti yenyewe ni ndogo mno. Ukipima kutoka chini kabisa ya mpigo hadi kilele kinachofuata, ule mwembamba huchukua kama theluthi moja ya milisekunde, na ule mpana huchukua nusu milisekunde au zaidi. Mwaka 1985 David McCormick na wenzake walifanya kilichokuwa kimekosekana. Walichukua vipande vya ubongo wa simbilisi, wakaingiza elektrodi ndani ya seli yenyewe, wakarekodi mipigo yake, kisha wakaijaza rangi ili waione kwa darubini. Wenye mipigo mipana wakaonekana kuwa seli za piramidi, zile zinazopeleka habari mbali na kuziamsha seli nyingine. Wenye mipigo myembamba walikuwa seli za jirani, zisizotuma nyuzi mbali, ambazo kazi yao ni kuzinyamazisha nyingine kwa kemikali iitwayo GABA.

Seli za piramidi kwenye gamba la ubongo ni kama asilimia 80. Zinazonyamazisha ni wachache waliobaki, na baadhi ya wachache hao wanafanya kazi kwa kasi ya kutisha. Zinaweza kupiga mara zaidi ya 200 kwa sekunde bila kuchoka. Siri ipo kwenye vijia vyao vya potasiamu, aina iitwayo Kv3, vinavyofunguka upesi na kufunga upesi, hivyo seli inarudi tayari kwa mpigo mwingine ilhali seli ya piramidi bado inajikusanya. Wembamba wa mpigo na kasi ya mfululizo vina chanzo kimoja. Napenda sana hapa, kwa sababu shahidi wa kwanza na shahidi wa pili wanatoka nyumba moja, na kila mmoja anathibitisha neno la mwenzake.

Seli za piramidi zenyewe ukizichokoza kwa mkondo usiokatika, zinaanza kwa haraka kisha zinalegea. Nyingine hupiga kwa mafungu, mipigo mitatu minne ya pamoja, kisha kimya. Kwenye ubongo wa nyuma kuna seli za Purkinje ambazo hazina hata haja ya mabishano: zina mipigo ya kawaida makumi kwa sekunde, halafu karibu mara moja kila sekunde hutoa mpigo mmoja mrefu wenye mikia, na baada yake mipigo ya kawaida inanyamaza kidogo. Ukisikia hivyo umeshaijua.

Nije sasa kwa mnyama aliyeutangaza mji wetu duniani kuliko timu yoyote ya mpira, na mashabiki wa Mtibwa wataniwia radhi. Kwa mama yangu, Kinole, upande wa mashariki wa milima hii, panya buku alikuwa mwizi na hakuwa na jina lingine la heshima. Alikuja usiku, akajaza mashavu yake mahindi na karanga mpaka kichwa kikawa kipana kuliko mwili, akarudi shimoni. Wajomba zangu walimchimbua kwa jembe. Haoni vizuri, anachotegemea ni pua.

Pua hiyo ndiyo iliyomvutia Mbelgiji Bart Weetjens, aliyeanzisha shirika la APOPO mwaka 1997. Tangu mwaka 2000 makao yake yapo hapa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Panya waliofunzwa hapa wamenusa mabomu ya ardhini Msumbiji, Angola na Kambodia. Uzito wao hautoshi kulipua bomu. Magawa, aliyezaliwa hapa na kupelekwa Kambodia, alibaini mabomu ya ardhini 71 pamoja na silaha nyingine ambazo hazijalipuka, na mwaka 2020 shirika la wanyama la PDSA la Uingereza likamvisha medali ya dhahabu. Tangu mwaka 2007 wengine wananusa kifua kikuu. Hawa niliwatazama kwa karibu nilipopeleka wanafunzi. Panya anatembea ndani ya sanduku refu la kioo. Chini yake kuna mstari wa matundu, na chini ya kila tundu kikombe cha makohozi ambayo vimelea vyake vimeshauliwa kwa joto. Anapita tundu moja, la pili, la tatu, ndevu zikitetemeka. Kwenye moja anaganda. Pua ndani ya tundu, kama sekunde tatu hivi. Kinasikika kibofyo, naye anakimbilia upande wa sindano ya plastiki kupata uji wake wa chakula. Darasa zima lilipiga makofi, mtunzaji akawanyamazisha.

Nikawauliza: zile ndevu kutetemeka, mmeona nini? Wakasema anatafuta. Kweli, lakini zaidi ya hapo anavuta pumzi. Panya anapochunguza harufu huvuta hewa fupi fupi, mara sita hadi tisa kwa sekunde. Kila mvuto unapeleka harufu kwenye vipokezi vya puani, ambavyo jeni zake ziligunduliwa na Linda Buck na Richard Axel mwaka 1991, nao wakapata Nobeli mwaka 2004. Kutoka hapo habari inaingia kwenye kivimbe cha mbele ya ubongo kinachoshughulika na harufu. Kinatoa habari kupitia seli za aina mbili, ziitwazo mitrali na tafti. Ukisikiliza mipigo ya seli hizo bila kujua pumzi ya mnyama, mara nyingi unachanganyikiwa. Mwaka 2012 Izumi Fukunaga na wenzake, wakifanya kazi na panya wadogo wa maabara, walipanga mipigo kwa kufuata pumzi: tafti hupiga mapema ndani ya mvuto, mitrali huchelewa. Aina za seli zikaachana kwa saa ya pumzi.

Nimelitaja hilo kwa makusudi. Watu wengi wanadhani kutofautisha seli kwa umeme ni kupima umbo la mpigo, ukamaliza. Nadhani nusu ya kazi ni kujua mnyama alikuwa anafanya nini dakika ile. Ushahidi mkubwa wa hilo umetoka kwa panya vilevile. Mwaka 1971 John O'Keefe, London, aliona kwamba kwenye sehemu ya ubongo wa panya iitwayo hipokampasi kuna seli inayopiga mnyama akiwa mahali fulani tu chumbani, akihama inanyamaza. Mwaka 1973 James Ranck wa Marekani alizigawa seli za eneo hilo katika makundi mawili kwa mlio: zinazopiga kwa mafungu, na zinazopiga mfululizo zikifuata mawimbi ya umeme yanayotokea mnyama anapotembea. Ikaja kujulikana kwamba zinazojua mahali ni zaidi zile za mafungu, yaani za piramidi, na zile za mfululizo ni za kunyamazisha. Ukizichanganya kwenye hesabu moja, ramani inafutika. O'Keefe, pamoja na May-Britt na Edvard Moser wa Norway walioendeleza kazi hiyo, walipewa Nobeli mwaka 2014. Panya buku anayetembea kwenye kamba shambani akipekua bomu anahitaji vyote viwili: kujua harufu, na kujua yupo wapi.

Mpaka hapa mambo yamekaa vizuri kuliko yalivyo. Mwembamba anyamazisha, mpana aamsha, funga daftari. Basi mwaka 2011 kundi la Roger Lemon, London, lilitoa matokeo yaliyoharibu usingizi wa wengi. Walirekodi kwenye eneo la mwendo la ubongo wa nyani, wakathibitisha kwa njia tofauti kabisa zipi ni seli za piramidi. Walipitisha umeme kwenye njia inayoshuka uti wa mgongo wakangoja waone mpigo ukirudi kinyumenyume hadi kwenye seli. Ikirudi, seli hiyo ina uzi unaofika huko, na seli ya kunyamazisha haina uzi mrefu hivyo. Nyingi kati ya hizo za piramidi, hasa kubwa, zilikuwa na mipigo myembamba. Kanuni iliyofanya kazi kwa panya ilikuwa inawadanganya kwa nyani. Na sisi tuna ubongo ulio karibu na wa nyani kuliko wa panya.

Miaka saba kabla yake lilitokea jambo la namna hiyo hiyo kwa seli za dopamini, zile zinazohusika na hamu na malipo, na ambazo hufa katika ugonjwa wa Parkinson. Ilizoeleka kuzitambua kwa mpigo mpana na mwendo wa polepole. Mark Ungless na wenzake mwaka 2004 walizirekodi seli za panya zenye sifa hizo, kisha wakazitia alama na kuzichunguza kikemia moja moja. Baadhi hazikuwa za dopamini. Na hizo ndizo zilizokuwa zikiamka mnyama anapoumizwa, zilizowafanya watu waseme dopamini inapokea maumivu pia.

Ndiyo maana siku hizi mtu anayedai aina ya seli kwa mlio anaulizwa: umethibitisha vipi? Njia mojawapo nzuri ni ya mwanga. Kuna mwani mdogo wa kijani wa majini wenye protini inayofungua kijia ikipigwa na mwanga wa buluu. Wanasayansi huipachika protini hiyo kwenye aina moja tu ya seli za panya, kisha wanaingiza uzi wa kioo wenye mwanga pamoja na elektrodi. Wakiwasha, seli inayojibu ndani ya milisekunde chache ndiyo yenyewe. Imejitaja.

Kwa binadamu huwezi kupachika mwani kwenye kichwa cha mtu. Kuna wagonjwa wa kifafa ambao, wakisubiri upasuaji, huwekewa elektrodi ili ijulikane kifafa kinaanzia wapi, na wengine hukubali mipigo yao irekodiwe kwa utafiti. Mwaka 2012 Adrien Peyrache na wenzake walitumia rekodi za namna hiyo. Waligawa kwa umbo na kasi, halafu wakaweka mtego: seli hii inapopiga, jirani yake hufanya nini katika milisekunde zinazofuata? Ikiwa jirani ananyamaza, umepata mnyamazishaji. Ikiwa jirani anaamka, umepata wa piramidi. Ni ushahidi wa matendo, na kwangu mimi unazidi ushahidi wa sura.

Vifaa vimekimbia. Mwaka 2017 kilitangazwa kifaa kiitwacho Neuropixels, ufito wa silikoni wenye urefu wa milimita 10, upana wake mikromita 70, wenye vituo 960 vya kusikilizia. Unasikiliza vituo 384 kwa pamoja, kila kimoja kikipimwa mara 30,000 kwa sekunde. Hakuna sikio la kufuatilia hayo, kompyuta inachambua. Lakini kompyuta nayo inaangalia ukubwa, umbo, mahali na mpangilio, yale yale aliyoyasikia mpwa wangu kwenye mguu wa mende, na bado mtu hukaa mwishoni kukagua.

Ukaguzi huo nawapa watoto wa shule wanaonijia nyumbani waufanye. Taasisi ya Allen ya Seattle imeweka wazi rekodi za seli za panya na za binadamu, mtu yeyote anaweza kuzichukua. Mpwa wangu alizipakua kwa bando la usiku, nikachapisha steshenari karatasi za mipigo, kila moja ya seli moja, jina la aina likiwa nyuma. Watoto wanagawana makundi kwa macho na rula. Nyembamba sana na pana sana hazina ugomvi. Za katikati zinaleta kelele. Wapo wanaoziweka huku na wapo wanaoziweka kule, wakishindana mpaka jirani achungulie. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alikataa kuchagua. Akatenga rundo la tatu, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: “tuone kwanza zinafanya nini.” Nilimpa alama zote.

Watu huniuliza yote haya yana faida gani kwa mtu wa Morogoro. Swali ni la haki, na jibu lake lipo kusini mwa mkoa wetu. Mahenge, wilaya ya Ulanga, kifafa kimekuwa kingi kwa muda mrefu. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha huko kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaandika pia kuhusu watoto waliokuwa wakiangusha vichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Utafiti wa miaka ya karibuni umekihusisha kifafa hicho na usubi, ugonjwa unaoletwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Tofauti na zamani ambapo mgonjwa alifichwa na sahani yake ikatengwa, Jilek-Aall aliwapa wagonjwa fenobabitali, kidonge cha bei ndogo ambacho mpaka leo kipo kwenye zahanati nyingi.

Fenobabitali inafanya nini? Inaongeza nguvu ya GABA, ile kemikali ya seli za kunyamazisha. Mtoto anapopatwa na degedege la kifafa, seli nyingi za piramidi zinapiga kwa pamoja pasipo kuzuiwa. Kidonge kinaongezea sauti ya wale wachache wenye mipigo myembamba.

Lakini dawa ikiangukia seli isiyo yake, inaumiza. Mwaka 1978 daktari Mfaransa Charlotte Dravet alieleza kifafa kikali cha watoto wachanga, ambacho mara nyingi huanza na homa. Mwaka 2001 ikajulikana kwamba wengi wao wana hitilafu kwenye jeni ya kijia cha sodiamu. Hapo palikuwa na kitendawili: sodiamu ndiyo inayowasha mpigo, kwa hiyo kijia kibovu kingepunguza mipigo, si kuleta kifafa. Mwaka 2006 kundi la William Catterall, Seattle, lilirekodi seli za panya wenye hitilafu hiyo, aina kwa aina. Seli za piramidi zilikuwa karibu salama. Seli za kunyamazisha ndizo zilizokuwa dhaifu. Hazikuweza kuendeleza mfululizo wao wa kasi. Waliokuwa wanapunguzwa nguvu walikuwa wanyamazishaji. Tangu hapo imeeleweka kwa nini dawa za kifafa zinazoziba sodiamu, kama kabamazepini na fenitoini, ambazo humsaidia mgonjwa mwingine, zinaweza kumzidishia mtoto wa aina hii. Bila kujua nani analia ndani ya ubongo, daktari angeona tu kwamba dawa nzuri imemgeuka mtoto.

Mama mmoja wa mtaani kwetu, mwanawe anameza fenobabitali, alikuja siku watoto walipokuwa wanasikiliza mguu. Akasikiliza naye. Kisha akaniuliza pembeni:

“Mwalimu, sasa huyu wa kwangu hajaanguka muda mrefu. Si nimwachishe hizi dawa?”

Nikamwambia hapana, mama, wala usipunguze mwenyewe nyumbani. Ubongo umeshazoea msaada ule, ukiuondoa kwa ghafla kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kisikatike. Kupunguza kupo, ila kwa hatua, na anayepanga hatua ni daktari wake. Akaniuliza kliniki ni siku gani. Tukatazama kadi ya mtoto: Alhamisi.